Unangoja kitabu cha sita? Hebu tuzungumze

"Yule mzee hamalizi."

"Atamaliza, inshallah. Mpe muda."

"Muda gani tena? Tangu niko darasa la nne!"

Ukipita Takaungu jioni ukasikia mabishano kama hayo kwenye maskani ya vijana, utadhani wanamsema fundi aliyekula pesa za msingi wa nyumba akapotea. Wala si fundi. Wanamsema George R. R. Martin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1948, mwandishi wa A Song of Ice and Fire, ule msururu wa riwaya uliozaa tamthilia ya Game of Thrones. Wanangoja kitabu cha sita. Wamengoja hadi wengine wameoa.

Kama wewe ni mmoja wao, makala haya ni yako. Kama si mmoja wao, usiondoke bado. Kuna jambo lako humu pia. Swali lenyewe ni hili: kwa nini kijana wa Kilifi anaweza kumngoja mzee wa ng'ambo miaka yote hiyo, ilhali hakuna kitabu hata kimoja cha Kiswahili anachokingoja namna hiyo?

Ukisema jibu ni kwamba "vijana hawapendi kusoma", nitakuomba ukae chini kwanza. Mtu asiyependa kusoma hawezi kukasirikia kitabu ambacho hakijatoka.

Hesabu ya kungoja

Tuanze na hesabu, ili tusije tukabishana hewani. Kitabu cha kwanza, A Game of Thrones, kilitoka 1996. Cha pili, A Clash of Kings, kikatoka 1998. Cha tatu, A Storm of Swords, 2000. Hapo mwendo ulikuwa safi, kila baada ya miaka miwili shabiki anapata chake.

Kisha gari likaanza kuingia matopeni. A Feast for Crows ilitoka 2005, na A Dance with Dragons ikatoka Julai 2011. Cha sita kimepewa jina kitambo, The Winds of Winter. Hata cha saba, cha kufungia kazi, kina jina: A Dream of Spring. Majina tunayo. Vitabu ndivyo hatuna.

Mtoto aliyezaliwa Takaungu mwezi ule kitabu cha tano kilipotoka, leo pengine amemzidi mamake kimo.

Na si Martin peke yake. Patrick Rothfuss alitoa The Name of the Wind mwaka 2007 na The Wise Man's Fear mwaka huo huo wa 2011. Wasomaji wake nao wamekaa kituoni wakingoja kitabu cha tatu. Ukikutana na shabiki wa waandishi hawa wawili kwa pamoja, mpe pole kama unavyompa mfiwa.

Kwa nini kazi imekuwa nzito hivi? Sehemu ya jibu iko kwenye vitabu vyenyewe. Mwanzoni Martin alipanga vitabu vitatu tu. Hadithi ikaota matawi kama mwembe. Kila sura inasimuliwa kwa macho ya mhusika mmoja, na wahusika wenyewe wametawanyika nchi nzima na ng'ambo ya bahari. Mmoja yuko kwenye theluji, mwingine yuko jangwani na majoka yake, mwingine yuko safarini kwenye jahazi. Wote hao lazima wakutane, na wakutane kwa wakati unaoingia akilini. Muulize mvuvi yeyote nyavu zikisokotana inakuwaje. Ukivuta uzi huu, kule unakaza.

Kisha ikaja runinga. Kampuni ya HBO ilianza kurusha Game of Thrones Aprili 2011, miezi michache kabla ya kitabu cha tano. Januari 2016 Martin akawaambia wasomaji wake wazi kwamba alikuwa amepitwa na muda, kitabu hakingetoka kabla ya msimu wa sita wa tamthilia. Kuanzia hapo picha ikatangulia, maandishi yakabaki nyuma. Mei 2019 tamthilia ikaisha, na mashabiki wengi wakaondoka wamenuna.

Hapa ndipo watu wengi wasioijua hadithi hii wanapokosea. Wanauliza, "Si mlishaona mwisho? Mnangoja nini?" Lakini kwa shabiki aliyeudhika na mwisho wa runingani, kitabu ni rufaa. Kesi iliamuliwa vibaya, na faili imerudi kwa yule aliyeianzisha. Hangoji kujua nani atakalia kiti tu. Anangoja aambiwe kwa nini, pole pole, sura kwa sura, na mtu aliyewajua wahusika wale kabla ya kamera kufika.

Nani anamdai nani?

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe, maana kila maskani ina pande mbili.

Upande wa kwanza unasema: mimi nimenunua vitabu vitano. Nimenunua kwa kuamini hadithi ina mwisho. Ukiniuzia mashua nusu, unanidai nini tena? Nimalizie mashua yangu.

Upande wa pili unasema: wewe ulinunua kitabu, ukapewa kitabu, ukakisoma, ukakifurahia. Hakuna risiti iliyoandikwa kwamba kitabu kijacho kitatoka lini. Mwandishi si mtumwa wako.

Mimi naona wote wana haki nusu. Deni la tarehe halipo. Hadithi nzuri haiivi kwa kupigiwa kelele, na ukimlazimisha mtu aivue jikoni mapema utakula mbichi. Lakini deni la ukweli lipo. Mwandishi akitaja muda, msomaji wake anaushika kama ahadi ya mahari. Ukipita muda wa kwanza, wa pili, wa tatu, kinachovunjika si ratiba tu, ni imani. Ndiyo maana ni afadhali mwandishi aseme "sijui" kuliko kusema "mwakani".

Kuna jambo jingine, nalo naomba tulizungumze kwa adabu za kwetu. Siku hizi shabiki akimtaja Martin hakawii kutaja na umri wake. "Atakufa kabla hajamaliza." Jamani. Kumhesabia mtu siku zake mbele ya macho yake, hata kama ni mbali na hawezi kukusikia, si jambo ambalo nyanya yako angekuachia ulifanye barazani.

Ni kweli hofu hiyo haikutoka hewani. Robert Jordan alianza The Wheel of Time mwaka 1990, akafariki Septemba 2007 kitabu cha mwisho hakijakamilika. Lakini sikiliza kilichofuata. Alikuwa ameacha maelezo ya jinsi hadithi itakavyoisha. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua kijana aliyekua akivisoma vitabu hivyo, Brandon Sanderson, aje amalizie. Kilichodhaniwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Yaani shabiki ndiye aliyeimaliza hadithi.

Shika hapo. Tutarudi.

Kungoja kwetu si kugeni

Kuna watu wanaona haya mambo ya kungoja kitabu ni uzungu. Eti kijana wa pwani anajifanya. Wanaosema hivyo wamesahau wao wenyewe walivyolala utotoni.

Kumbuka nyanya amekaa mkekani, kandili iko pembeni. "Paukwa?" Mnaitikia, "Pakawa!" Hadithi inaanza, jini anafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo, na nyanya anasema, "Haya, mafuta ya taa yanakwisha. Kesho." Mnalia, mnabembeleza, hakuna. Unalala na jini wako mlangoni usiku kucha. Kesho yake, kabla hata ya magharibi, mko mkekani mmeshakoga.

Huyo nyanya alijua kazi. Alijua kukata hadithi pale inapouma. Na alikuwa na jambo moja ambalo Martin hana: ulijua pa kumpata, na ulijua kesho ni kesho.

Hata Alfu Lela Ulela, ambayo pwani yetu imeisimulia miaka na miaka, ni hadithi ya kungoja. Shahrazad anamsimulia mfalme usiku, alfajiri inamkuta katikati, na mfalme hawezi kumuua kwa sababu anataka kujua kilichofuata. Mwanamke yule aliokoa shingo yake kwa sehemu ya pili.

Tukija kwenye vitabu vya Kiswahili vyenyewe, mfano mkubwa upo. Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la miaka ya 1957 na 1958, na mwaka 1960 riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa. Ndani yake wasomaji wakakutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake mdomoni, pamoja na mwenzake Najum. Mambo ni ya mizimu, makaburi na hofu, lakini Bwana Msa anayapekua kwa akili mpaka siri inatoka.

Kitabu cha pili cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, kilitoka lini? Mwaka 1968. Miaka 8 baadaye. Giningi nayo, kwa wasioijua, ni ile nchi ya wachawi inayosimuliwa visiwani. Jina tu lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwenda kutafuta kitabu. Baada ya hapo vikafuata vingine, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mhusika mmoja, miaka zaidi ya 20, kwa Kiswahili.

Na Tanzania Bara, Eric Shigongo aliwafanya watu wangoje gazeti kwa sababu ya hadithi. Riwaya zake zilikuwa zikitoka kwa mfululizo katika magazeti ya udaku, kipande wiki hii, kipande wiki ijayo, na kila kipande kikiishia pabaya. Unaweza kuzisema vyovyote hadithi zile, lakini msomaji alirudi kibandani na pesa yake mkononi.

Kwa hivyo tusidanganyane. Msomaji wa Kiswahili anajua kungoja. Ukimpa cha kungoja, atangoja.

Kitabu kinachofungwa siku ya mtihani

Basi tatizo liko wapi hapa Kenya?

Jiulize riwaya ya Kiswahili ya mwisho uliyoisoma ni ipi. Ukiwa umemaliza sekondari miaka ya karibuni, najua jibu: Chozi la Heri ya Assumpta Matei, au Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Si vitabu vibaya hata kidogo. Lakini ulivisoma vipi? Ulivisoma na kalamu mkononi, unatafuta maudhui, dhamira, sifa za wahusika na tamathali. Siku karatasi ya mwisho ilipokusanywa, ulikifunga. Wengine walikiuza jioni hiyo hiyo kwa mdogo wao wa kidato cha tatu.

Hakuna aliyetoka kwenye chumba cha mtihani akiuliza, "Sehemu ya pili inatoka lini?"

Hilo si kosa lako, wala si kosa la mwandishi. Ndivyo soko lilivyojengwa. Mchapishaji wa Kenya anajua pesa iko kwenye kitabu cha shule. Kitabu kikikubaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, yaani KICD, na kikichaguliwa kutahiniwa, kitanunuliwa kila shule kuanzia Lamu hadi Turkana. Kisipochaguliwa, kinakaa ghalani. Sasa wewe mwandishi mwenye akili timamu utaandika nini? Utaandika kitabu kimoja kilichotimia, chenye urefu unaofaa darasani, chenye mambo yanayoulizika. Majoka saba na vitabu saba utavipeleka wapi? Mtihani hauna swali la kitabu cha pili.

Halafu kuna bei. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviweka vitabu kwenye ushuru wa asilimia 16. Ongeza hapo karatasi, uchapishaji, usafirishaji na faida ya duka. Kitabu kinene cha fantasia kilichotoka ng'ambo kinaweza kumla kibarua mshahara wa siku kadhaa. Na hapo bado hujalipa nauli, maana lazima upande boda mpaka barabara kuu, ushike matatu ya kwenda Kilifi au Mombasa, ufike dukani, uambiwe kimeisha.

"Si kuna maktaba?" Swali zuri. Katiba ya mwaka 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazitaja maktaba kati ya kazi za serikali za kaunti. Zimetajwa kwenye fungu moja na sinema, makavazi na michezo. Maana yake ni kwamba ukitaka rafu ya riwaya karibu na kwenu, wa kumuuliza hayuko Nairobi. Yuko kaunti, na mwakilishi wako wa wadi anaomba kura yako kila miaka mitano. Umewahi kumsikia mgombea mmoja akiulizwa kuhusu maktaba kwenye mkutano? Tunawauliza maji, barabara, basari na gati la wavuvi, na ni sawa tuwaulize. Lakini lisiloulizwa halijibiwi.

Kwa sababu hiyo yote, kijana anafanya anachokijua. Anapata PDF kwa beshte, anaisoma kwenye simu iliyopasuka kioo, betri iko asilimia nane. Wewe unajua, mimi najua, tusijifanye. Sitakuhubiria sana, ila fikiria jambo moja. Nakala ya wizi ya Martin haimnyimi Martin chakula cha jioni. Nakala ya wizi ya mwandishi wa Kiswahili anayeuza vitabu vichache kwa mwaka, hiyo ndiyo inayoua kitabu cha pili. Mchapishaji anaangalia hesabu, anaona hakuna wanunuzi, anamwambia mwandishi, "Pole ndugu." Na wewe hutajua kamwe kwamba kulikuwa na sehemu ya pili.

Kiti cha enzi cha Takaungu

Sasa nikupe hadithi. Hii si ya kubuni.

Mwaka 1837 Seyyid Said aliwaondoa Mazrui kwenye utawala wa Mombasa. Waliosalia wakagawanyika. Tawi moja likaenda kusini, Gazi. Tawi jingine likaja hapa, Takaungu. Mji ukakua, na ukawa na mtawala wake.

Mwaka 1895 mtawala huyo, Salim bin Khamis, akafariki. Nani arithi? Kwa desturi yao, jamaa mwenye umri mkubwa zaidi, Mbarak bin Rashid, ndiye aliyeonekana ana haki. Lakini Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiitawala pwani wakati huo ikamtaka mwana wa marehemu, Rashid bin Salim, ambaye ilimwona rafiki. Ikamweka huyo. Mwenye haki yake akakataa. Vita vikaanza. Mtu mwingine mwenye jina linalofanana na lake, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, akaingia upande wa wapinzani. Moto ukashika pwani, askari wakaletwa mpaka kutoka India, na mwaka 1896 Mbaruk akavuka mpaka kuingia eneo la Wajerumani, Tanganyika.

Mfalme amekufa. Warithi wawili. Wageni wenye bunduki wanachagua upande. Koo zinagawanyika. Ukiyasikia haya, hukumbuki kitu?

Martin mwenyewe alichota kwenye historia ya Uingereza, zile vita za karne ya 15 za koo mbili zilizogombea taji, ziitwazo Vita vya Mawaridi. Akabadilisha majina, akaongeza majoka na theluji, dunia ikanunua. Kijana wa Takaungu anakaa juu ya vita vyake mwenyewe vya kiti cha enzi, anapita kando ya makaburi ya zamani akienda dukani, huku akimngoja Mmarekani amsimulie vita vya Waingereza.

Utaniambia, "Haya mambo yana wenyewe. Vizazi vyao wapo, huwezi kuandika ovyo." Kweli kabisa. Lakini hapo ndipo fantasia inapofaa. Shaaban Robert alipotaka kusema kuhusu utawala wa kidhalimu enzi za mkoloni, hakuandika jina la gavana. Aliunda nchi nzima inayoelea angani, akaiita Kusadikika, kitabu kikatoka 1951. Kila aliyesoma alielewa. Badilisha majina, weka jini kwenye mnara, mpe mrithi mmoja mashua isiyozama, na useme kweli yako bila kumvua mtu nguo.

Na usidhani hili ni ndoto ya mchana. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa amelifanya. Riwaya yake ya kwanza, The House of Rust, ya mwaka 2021, inamfuata msichana anayeingia baharini kwa mashua ya mifupa, pamoja na paka anayesema, kumtafuta babake mvuvi. Mwaka 2022 ikapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo kutolewa. Ni Mombasa tupu: bahari, kunguru, majirani wanaochungulia dirishani. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza na ikachapishwa Minneapolis, Marekani. Hadithi ya bahari yetu ilibidi ipite kwenye mji wa theluji ndipo iturudie.

Simlaumu mwandishi. Alikwenda mlango uliokuwa wazi. Ninauliza ni lini mlango wa hapa utafunguliwa.

Ukiwa unangoja

Basi ufanye nini, wewe unayengoja kitabu cha sita?

Kwanza, ngoja bila aibu. Unayemngoja mwandishi ni msomaji, na msomaji ni mali. Wachapishaji wa hapa wanasema hawakuoni. Jitokeze wakuone. Nyinyi watano wa maskani moja mkichanga, mnapata kitabu kimoja halali cha Kiswahili kwa mwezi, kinazunguka. Mkikipenda, mwandikieni mchapishaji anwani iliyo nyuma ya jalada, mmuulize swali moja tu: kinachofuata kinatoka lini? Naamini hajazoea kuulizwa hivyo. Litamkaa kichwani.

Pili, kura ikija, uliza maktaba. Hata kama wenzako watacheka.

Tatu, kama wewe ndiye yule anayewasimulia wenzako sehemu walizokosa, na kila maskani ina mmoja wa hivyo, jaribu kuandika. Usianze na vitabu saba. Anza na sura tatu, na sura ya tatu ikatie pale inapouma. Sanderson alikuwa shabiki kama wewe kabla hajakabidhiwa hadithi ya mzee wake. Ila tafadhali, usitaje tarehe usiyoiweza.

Na Martin? Tumwombee afya, amalize. Siku The Winds of Winter ikitoka, nitakuwa kwenye foleni nawe, na sitataki mtu anihadithie mwisho.

Nikurudishe pale maskani. Jioni ile ubishi ulipopoa, mmoja wao akaanza kumsimulia dogo fulani ambaye hajasoma wala kutazama. Akamfikisha mpaka kwenye ule ukuta wa barafu, lango linafunguka, kitu kinatoka gizani. Mara adhana ya magharibi ikaanza. Jamaa akasimama, akajipangusa vumbi.

"Sasa kikawa nini?" dogo akauliza.

"Kesho."

Dogo alilalamika njia nzima mpaka msikitini.